Msaada: nataka kuweka MX ya pili, seva ya imeili ya ofisini Arusha ikizimika imeili zisipotee

chalii_wa_kijenge
Jumanne, saa 4:12 usiku

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kabla kibarua hakijaota nyasi.

Mi ndo fundi kompyuta wa kampuni moja ya utalii hapa Arusha, ofisi iko Kijenge, watu wa ofisini tuko 14 ukiacha madereva na waongoza wageni. Imeili zetu tunazo wenyewe, tuna seva yetu ya Postfix (inayopokea na kutuma imeili) na Dovecot (inayotunza maboksi ya watu) juu ya Linux ya Debian, imekaa chini ya ngazi pembeni ya stoo ya mahema, niliikuta hivyo hivyo toka kwa jamaa aliyekuwepo kabla yangu. Inapiga kazi vizuri tu, shida ni umeme. Ijumaa iliyopita ulikatika saa 2 na dakika 40 usiku, UPS, ile betri ya akiba, ikashika kama robo saa ikaisha, seva ikalala. Mi nilikuwa nishaenda zangu Ngaramtoni msibani, wikiendi nzima sikugusa simu ya kazi. Jumatatu saa 2 asubuhi nafungua ofisi nakuta seva imezima, nikabonyeza swichi ikawaka, nikajua yamekwisha.

Kumbe kuna wageni wanne walikuwa wamebadilisha ndege, walitakiwa wafike Jumatatu wakafika Jumapili, na wakala wao wa Ujerumani anasema alituandikia Ijumaa ile ile usiku. Wageni wametua KIA, uwanja wa ndege, hamna gari hamna kibao chenye majina yao, wamesimama pale saa nzima na zaidi mwisho wakachukua teksi. Bosi anasema imeili imepotea na aliyeipoteza ni mimi.

Sasa nimesoma soma nikaona kuna kitu kinaitwa MX ya pili (MX ni rekodi ya domeini inayosema imeili ziende seva gani), yani seva ya akiba, ya kwanza ikifa imeili zinaingia kwenye ya pili. Baba mdogo anakaa Moshi, Soweto, ana kompyuta ya zamani haina kazi na ana intaneti ya nyumbani ile ya ruta ya kuweka laini. Nimeshaongea naye kakubali, na meza ashaitafuta. Ninachotaka kujua ni namba ya MX niandike ngapi, kubwa au ndogo kuliko ya ofisini? Na je niwafungulie watu wote 14 akaunti na kule Moshi? Alafu IP ya kule inabadilika badilika, naweza kuiandika IP yenyewe kwenye rekodi ya MX nikawa naibadilisha kila ikihama?

mangi_wa_rau
Jumanne, saa 5:03 usiku

Pole sana chalii. Mwambie baba mdogo asianze kufuta vumbi kwanza.

Namba ndogo ndo inagongwa kwanza. Ya Kijenge ikiwa 10 basi ya akiba iwe 20, ukiandika 50 au 90 ni yale yale, kinachoangaliwa ni ipi ndogo sio zimepishana kwa ngapi. Rekodi ya MX haipokei IP, inataka jina, na jina hilo liwe na rekodi yake ya A (inayotaja IP), usiliweke CNAME (jina linaloelekeza tu kwenye jina jingine). Kuhusu IP ya kubadilika sahau kabisa, na sio kwasababu inabadilika tu. Hizi ruta za laini mara nyingi mko watu kibao nyuma ya IP moja ya mtandao, ni kama nyumba ya kupanga yenye geti moja alafu mlinzi hajui nani anakaa chumba gani. Seva ya Ujerumani itakuja kugonga poti 25, mlango wa kupokelea imeili, itaishia getini. Hata ukimaliza konfigi yote vizuri hakuna kitakachoingia, na utakaa siku tatu unatafuta kosa kwenye Postfix wakati Postfix haina kosa.

Na kingine, Moshi na Arusha ni kilomita kama 80, gridi ni ile ile, na ukiangalia sana utakuta hata njia ya fiba ni ile ile. Akiba unaiweka sehemu ambayo haizimiki pamoja na ya kwanza. Hizo mbili zako zitakuwa zinalala na kuamka pamoja kama mapacha.

Lakini mi kuna kitu kinanisumbua kwenye stori yako. Seva ya mtu ikikuta yako imezima haiitupi imeili, inaiweka kwenye foleni inakuja kujaribu tena baadae. Hilo liko kwenye kanuni zenyewe za SMTP (namna seva zinavyopelekeana imeili), waraka wa RFC 5321 wa mwaka 2008, inasema anayetuma aendelee kujaribu siku 4 mpaka 5 angalau. Postfix ukiisimika bila kugusa kitu inajaribu siku 5, mwanzoni inarudi baada ya dakika 5 alafu inaanza kuchelewa mpaka kila saa moja na dakika chache. Wewe ulizima Ijumaa usiku ukawasha Jumatatu asubuhi, hizo hata siku 3 hazijafika. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini zilipokatika na nchi nzima ikawa inatambaa, mi seva yangu hapa Moshi ilikuwa inawaka lakini za kutoka nje haziingii. Zilivyofunguka zikamiminika, nyingine zina umri wa siku nzima, na sikupoteza hata moja ninayoijua.

Kwaiyo mi naona ya Mjerumani haijapotea. Ingia /var/log/mail.log itafute kwa domeini ya huyo wakala alafu rudi hapa utuambie.

betri_na_waya
Jumatano, saa 1:20 asubuhi

Mi ni fundi umeme Usa River, hayo ya MX siyajui, ila nina swali moja tu dogo. Umeme ulirudi saa ngapi?

chalii_wa_kijenge
Jumatano, saa 2:41 asubuhi

@betri_na_waya mlinzi anasema ulirudi saa 5 na nusu usiku ile ile ya Ijumaa.

betri_na_waya
Jumatano, saa 2:55 asubuhi

Sasa asee!!! Umeme umekatika chini ya saa 3 alafu seva imelala siku mbili na usiku mmoja juu yake, hapo tanesko hahusiki tena dogo. Mashine ilikuwa inasubiri kidole chako. Ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe, kuna sehemu ya kuiambia umeme ukirudi iwake yenyewe, nyingi zinatoka dukani zimewekwa zibaki zimezima. Kuibadilisha ni dakika mbili na ni bure. Na hiyo UPS ya robo saa ina betri iliyochoka, hizo betri ndogo za asidi ukikaa nazo miaka mitatu minne shukuru. Iambie seva izime yenyewe kwa utaratibu betri ikikaribia kuisha, sio kukatika puu, utakuja kuua diski.

dada_wa_sakina
Jumatano, saa 6:30 mchana

Nimecheka hapo kwa fundi, ila ana haki.

Chalii, mangi kakwambia kweli tupu, mi naongezea upande ambao watu huwa hawausemi. MX ya pili nilishawahi kuweka, nikajuta. Nilichukua VPS (seva ya kukodi mtandaoni) ya bei chee nje ya nchi, nikaandika relay_domains (domeini za kupokelea na kupeleka mbele) nikawasha nikaenda kulala nikijiona mtaalamu. Kitu sikuandika ni orodha ya adresi zilizopo kweli. Kwaiyo ile ya akiba ikawa inapokea kila kitu kinachoishia na domeini yetu, hata majina ambayo hajawahi kuajiriwa mtu wa hivyo. Na watu wa spamu wanaijua hii tabia, wengine wanaruka ya kwanza makusudi wanaenda kugonga ile yenye namba kubwa, hata kama ya kwanza iko hai inapumua, kwasababu wanajua ya akiba huwa haina mlinzi mkali.

Sasa angalia kinachotokea. Ya akiba imeshasema sawa nimepokea. Inaenda kumpelekea ya kwanza, ya kwanza inasema 550 huyu mtu sina. Ya akiba imebaki na mzigo mkononi na kanuni inaitaka imwambie aliyetuma, basi inamwandikia barua ya kurudisha yule aliyetuma, ambaye adresi yake ni ya uongo, ni ya bibi wa watu huko Ureno ambaye hajawahi kutusikia. Asubuhi naangalia foleni kwa postqueue -p nakuta barua za kurudisha tupu, MAILER-DAEMON, MAILER-DAEMON, MAILER-DAEMON, mistari inashuka kama masika ya Kibosho, elfu kumi na kitu. Mchana IP yangu iko kwenye orodha nyeusi, na mimi ndo nimekuwa mtu wa spamu.

Kwaiyo ukiamua kuweka, iweke hivi (domeini nimeandika ya mfano):

```
relay_domains = kampuni.example
relay_recipient_maps = hash:/etc/postfix/relay_recipients
smtpd_relay_restrictions = permit_mynetworks, reject_unauth_destination
maximal_queue_lifetime = 10d
```

Na ndani ya relay_recipients unaandika adresi moja moja, zote, pamoja na zile za info na booking:

```
info@kampuni.example      OK
booking@kampuni.example   OK
```

Alafu piga postmap /etc/postfix/relay_recipients ili Postfix iweze kuisoma. Kila akiajiriwa mtu mpya unaongeza na kule, tengeneza skripti ikufanyie la sivyo utasahau, nakuapia utasahau, na atakayesahaulika atakuwa mhasibu. Akaunti za watu 14 kule hazihitajiki, ya akiba haiweki imeili kwenye boksi la mtu, inaishikilia tu kwenye foleni mpaka ya kwanza iamke. Na domeini yako usiiandike kwenye mydestination ya ile ya akiba, ukiandika itajiona yenyewe ndo nyumbani, haitapeleka kitu kokote. Ukiona kwenye logi imeandika "mail loops back to myself" ujue umekosea kwenye rekodi za MX.

Upande wa ya kwanza nako kuna kazi. Ikiletewa mzigo na ya akiba inaona IP ya akiba, sio ya aliyetuma, kwaiyo ukiwa unapima SPF (orodha ya IP zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeini) kila kitu kitafeli na imeili nzuri zitatupwa. IP ya akiba lazima uiruhusu huko, isipimwe SPF wala isiambiwe ngoja kidogo urudi. Maana yake kazi yote ya kuchuja spamu inabidi ifanyike kule kule kwenye ya akiba, mlangoni, kwa ukali ule ule. Kuna wanaotumia reject_unverified_recipient badala ya orodha, yani ya akiba inaiuliza ya kwanza huyu mtu yupo? Ni nzuri, ila ya kwanza ikiwa imekufa hamna wa kumuuliza, na ndo siku yenyewe unayoihitaji, itabaki na zile adresi ilizozikumbuka tu.

La mwisho nawahi kikao. Nyie watu wa utalii wageni wanawatumia kopi za pasipoti kwa imeili. Unataka pasipoti za watu zikae kwenye kompyuta iliyoko sebuleni Soweto watoto wanachezea gemu? Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi 1 Mei 2023, na kampuni yako imo. Baba mdogo ni mtu mwema ila muache.

chalii_wa_kijenge
Jumatano, saa 3:18 usiku

Wakuu nimerudi na majibu, na nimepoa mpaka miguu.

Imeili ya Mjerumani IPO. Nimeifungua nikaangalia vichwa vyake, Received (muhuri wa saa wa kila seva iliyopitia) ya kwanza kabisa kule kwao inasoma Fri 20:52:11 +0200, ya kwetu ya mwisho inasoma Mon 08:31:46 +0300. Nikapiga hesabu na kupishana kwa saa ni saa 58 na dakika 39 imekaa kwenye foleni ya watu, inakuja inagonga haifunguliwi inarudi. Nilivyowasha seva Jumatatu zikaingia 212 ndani ya saa mbili, dada wa mapokezi akaanza kusoma zilizo juu, ya Mjerumani ikawa imezama chini ukurasa wa tatu kwasababu programu inazipanga kwa tarehe ya kutumwa sio ya kufika. Kaja kuisoma Jumatatu jioni wageni wako hotelini wamenuna.

Sasa nimekaa nafikiria. Ningekuwa na MX ya pili Ijumaa ile, ingepokea ya Mjerumani saa ile ile, sawa. Alafu? Ingeishikilia mpaka Jumatatu saa 2 mi niwashe ya kwanza. Si ni yale yale? Wageni wangesimama KIA vile vile, tofauti ni imeili ingekuwa imelala kwenye foleni yangu badala ya foleni ya Mjerumani.

Ila kuna moja imepotea kweli. Ile fomu ya maulizo kwenye tovuti yetu, tovuti iko kwa kampuni ya hosti sio ofisini. Mgeni akijaza, kuna skripti ya PHP inaunganisha moja kwa moja na seva ya ofisini kwa poti 587, ikishindwa inamwonyesha mgeni maandishi mekundu basi imeisha, haijaribu tena wala haiweki kokote. Kwenye logi za tovuti nimekuta imeshindwa mara 9 wikiendi hiyo. Tisa!! Na hizo sina hata majina yao. Bosi hizo hajazijua bado, na sjui nimwambie.

BIOS nimebadilisha, fundi wa Usa asante, nimechomoa waya nikachomeka ikawaka yenyewe.

mangi_wa_rau
Jumatano, saa 4:02 usiku

Hapo sasa umeuelewa mchezo kuliko hata sisi tuliokujibu.

Hiyo fomu MX ya pili isingeisaidia hata kidogo, skripti yako haiulizi MX, imeandikiwa jina la seva moja na poti yake. Ifanye imkabidhi imeili Postfix au chochote cha kutuma kilichopo kwenye ile mashine ya hosti, yenyewe ndo itakaa na foleni na kujaribu. Na kila kinachojazwa kiandikwe kwenye databezi kwanza kabla ya kutumwa, imeili iwe ni taarifa tu. Hizo tisa mwambie bosi mwenyewe mapema, akija kuzisikia kwa mtu mwingine ndo nyasi zitaota.

Kwa upande wa kusoma imeili wakati ofisi imezima, dawa sio foleni ya pili, dawa ni maboksi yenyewe yasikae chini ya ngazi. Hamisha seva yote kwenye VPS yenye umeme wa uhakika, ofisini mkikatikiwa mtu anasoma kwenye simu yake kwa bando. Au mlipie huduma ya imeili ya kampuni kubwa mkaachana nayo, ila najua unaipenda seva yako, hata mi napenda yangu.

mzee_wa_foleni
Alhamisi, saa 5:45 asubuhi

Vijana msiizike MX ya pili mapema hivyo, mnamsikia mtu aliyeungua mnaona moto wote mbaya.

Nimeendesha moja miaka mingi kwa taasisi niliyokuwepo, na ilinifaa. Kwanza hizo siku 4 au 5 ni kanuni, sio kila mtu anazifuata, kuna seva zinakata tamaa baada ya siku moja, na vimashine vya kutuma risiti na tiketi vingine vinajaribu mara mbili tatu basi. Pili, seva nyingi baada ya saa kadhaa zinamwandikia aliyetuma kwamba imeili yako bado haijafika. Mgeni wa Marekani anayetaka kulipa dola elfu kadhaa akipata barua ya namna hiyo anaanza kujiuliza kama hiyo kampuni ipo kweli au ni matapeli. Ukiwa na ya akiba hapati hiyo barua. Tatu, na hii ndo naipenda zaidi, foleni ikiwa yako unaitawala. Ya kwanza ikiamka unaandika postqueue -f zote zinaingia hapo hapo, hungoji seva ya mtu iliyochoka kujaribu ije tena baada ya saa nne. Na wewe mwenyewe unaweza kuiangalia foleni ukaona nani ameandika, hata kama hujaifungua. Ungeiangalia Jumamosi ungemwona Mjerumani wako.

Ila yote aliyosema dada wa Sakina ni lazima, orodha ya adresi sio hiari. Na hiyo VPS ya akiba ujue kampuni nyingi za VPS zinafunga poti 25 ya kutoka kwa mteja mpya, kuingia inaruhusiwa kutoka hapana, utapokea mzigo ushindwe kuupeleka. Ukikutana na hilo fungua poti nyingine kwenye ya kwanza, mfano 2525, iruhusu IP ya akiba peke yake, alafu kwenye faili la transport (linalosema imeili zipelekwe wapi) la ile ya akiba andika:

```
kampuni.example   smtp:[mail.kampuni.example]:2525
```

Usisahau kuitaja kwenye transport_maps na kuipiga postmap. Hayo mabano mraba sio urembo, yanaiambia Postfix isiulize MX iende hapo hapo.

dada_wa_sakina
Alhamisi, saa 7:10 mchana

Mzee shikamoo. Sikatai, ya tatu hiyo ni kweli. Ila wewe ulikuwa unaangalia foleni kila siku, huyu chalii alikuwa msibani na simu ya kazi kaizima. Kwa mtu mmoja anayeshika printa, tovuti, kamera na imeili, seva moja iliyo sehemu nzuri inashinda mbili ambazo moja imesahaulika. Iliyosahaulika ndo huwa inakosa apdeti na ndo inavamiwa.

Na chalii, hakuna aliyekuuliza, bakapu ya maboksi unayo? MX ya pili sio bakapu. Diski ikifa leo imeili za miaka yote zinaenda nayo hata ungekuwa na MX saba.

mzee_wa_foleni
Alhamisi, saa 7:32 mchana

Marahaba binti. Hapo kwenye iliyosahaulika nimekubali, yangu ya mwisho niliikuta haijaapdetiwa miaka miwili 😂

chalii_wa_kijenge
Ijumaa, saa 3:05 usiku

Nimeongea na bosi. Nimempa na habari ya zile tisa, alinyamaza kwanza kama dakika nzima, nikasikia mpaka feni. Alafu akauliza hiyo VPS kwa mwezi ni shilingi ngapi, nikamtajia, akasema mbona ni chini ya mafuta ya gari moja kwenda na kurudi KIA. Basi imepita.

Mpango uko hivi. Seva inahamia VPS, maboksi nayakopi kwa doveadm, komandi ya Dovecot, nimejaribu na boksi langu limekubali. MX inabaki moja tu kwa sasa. Ile mashine ya chini ya ngazi haifi, itakuwa inavuta bakapu ya maboksi kila usiku, dada hapo ulinishika pabaya, bakapu ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa pili. Fomu ya tovuti sasa inaandika kwenye databezi kwanza. Na nimeweka kaskripti sehemu nyingine kanagonga poti 25 kila dakika 5, kikikosa jibu mara tatu kananitumia meseji ya kawaida kwenye simu ya nyumbani, sio imeili, maana nilikuwa nimeanza kuandika kanitumie imeili nikajishtukia mwenyewe.

TTL ya MX (sekunde ambazo seva za watu zinaikumbuka rekodi) ilikuwa 86400, nimeishusha 300 tangu jana, kesho Jumamosi usiku nahamisha. Ya zamani naiacha inapokea siku kadhaa kwa wale ambao bado wana rekodi ya zamani.

dada_wa_sakina
Ijumaa, saa 3:26 usiku

Safi. PTR (rekodi inayotoa jina la seva kutoka kwenye IP) ya IP mpya umeshaomba? Usianze kutuma bila hiyo, utaenda spamu moja kwa moja. Na SPF ongeza IP mpya kabla hujahamisha, sio baada.

chalii_wa_kijenge
Ijumaa, saa 3:31 usiku

PTR imeshakaa, SPF naongeza saivi, nilikuwa nishasahau asee.

betri_na_waya
Ijumaa, saa 3:40 usiku

Na baba mdogo umemwambia? Meza ashanunua yule.